Walichukua Kilio Changu Wakakiita Ushindi

Bwana asifiwe! Bwana asifiwe tena! Na wewe uliye kule mlangoni, uliyeitikia kwa nusu sauti, nimekusikia pia na sikulaumu. Mimi mwenyewe nimekaa sana hapo mlangoni, nikiitikia hivyo hivyo ili watu wasinigeukie.

Naitwa Mama Wekesa. Wekesa mwenyewe hayupo. Alikuwa kifungua mimba wangu na alitangulia, lakini kwetu mtu akishaitwa kwa jina la mtoto wake haachi kuitwa hivyo, na mimi sitaki kuacha. Ndugu zangu, leo sikuja na ushuhuda wa nyumba wala gari. Nimekuja kusema jinsi Mungu alivyonitoa ukutani. Mnacheka? Chekeni tu, mkimaliza nitawaeleza.

Wakati huo tulikuwa tunaishi Jericho, kwenye zile nyumba za kanjo, yaani halmashauri ya jiji. Ilikuwa miaka ile nchi imeanza mambo ya vyama vingi, kila ukuta ulikuwa na picha ya mtu anayetaka kitu. Mume wangu ni mtu wa reli. Alikuwa amehamishiwa Nakuru, akawa anakuja mwisho wa mwezi. Mimi niliuza mboga za kienyeji pale sokoni, kunde, mrenda na sagaa. Aliyekaa karibu na mimi alikuwa Mama Akinyi, muuza omena, jirani yangu wa mlango kwa mlango. Tulikuwa tunaachiana biashara. Yeye akienda kuosha samaki wake, mimi nauza omena. Mimi nikienda kanisani, yeye anauza kunde. Maisha yalikuwa ya kawaida na sikuwa na neno na mtu.

Halafu Wekesa akashikwa na homa shuleni. Wakaniletea mtoto amekaza shingo, hajui hata ni mimi nimembeba. Madaktari walisema ni homa ya uti wa mgongo. Ndugu zangu, sitakaa sana hapo. Aliondoka.

Mnajua sisi watu wa magharibi, hatuziki mtu wetu Nairobi. Baba Wekesa alitoka Nakuru akaenda moja kwa moja Bungoma kutayarisha kaburi, na mimi nikabaki kuja na mwili. Asubuhi ya kuondoka, jeneza likatolewa nje pale uwanjani mbele ya nyumba ili watu wa Jericho wamuage. Mchungaji akaomba, wanawake wakaimba. Mimi nilikuwa nimenyamaza tangu hospitalini. Lakini walipofungua kifuniko nikaona wamemvalisha sweta yake ya shule, nilipasuka. Niliinua mikono yote miwili juu, nikafungua mdomo, nikalia hata nisijue ni sauti ya nani. Mkononi nilikuwa nimeshika kitambaa cha kujifutia machozi na sikujifuta.

Nililia pale nikamaliza. Tulipofika Bungoma nilikuwa nimekauka kama kuni. Mume wangu alinipokea kwenye basi na hakuona hata tone. Kaburini sikulia. Wanawake wa kwao walinisema, wakauliza huyu ni mama wa namna gani. Baba Wekesa alinitetea, lakini nilimwona akinitazama kwa pembeni, na baada ya hapo hakuniuliza kitu chochote juu ya siku ile ya Jericho. Alirudi kazini, nami nikarudi kwa kunde zangu. Hatukulizungumza.

Sasa sikilizeni. Mnaijua kazi ya wapiga picha wa matanga. Hawaalikwi, wanasikia tu kuna msiba, wanakuja na kamera shingoni, wanapiga, halafu baada ya wiki wanakuletea picha mlangoni. Unachagua zile unazoweza kulipia na nyingine anarudi nazo. Wetu tulimwita Foto, sijui jina lake la nyumbani. Aliponiletea, nilichukua ile ya Wekesa peke yake. Zangu mimi sikutaka kuziangalia. Nikamwambia arudi nazo, akarudi nazo, na filamu akabaki nayo. Nani angefikiria kumuuliza mpiga picha atafanya nini na kilio cha mtu?

Miezi ikapita. Siku moja natoka sokoni na beseni kichwani, nikaona watu wamesimama kwenye ukuta ulio karibu na kituo cha basi, wanaangalia bango jipya. Wakanigeukia. Wakaanza kupiga makofi. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Nikainua macho.

Nilikuwa mimi! Mikono juu, mdomo wazi, macho yamefungwa, mashavu yanang'aa kwa machozi. Uwanja walikuwa wameukata, na jeneza wamelikata. Kile kitambaa changu walikuwa wamekifuta, na mahali pake wakanichorea noti nyingi mkononi. Chini imeandikwa kwa herufi nyekundu: MAMA WA JERICHO AMEKUMBUKWA! NA WEWE JE? Halafu jina la bahati nasibu, zile tiketi za kukwangua zilizokuwa zinauzwa kila kioski.

Amekumbukwa! Ndugu zangu, hilo ni neno letu. Ni neno la Hana, ni neno la mwanamke aliyekaa tasa mpaka Bwana akamkumbuka. Mtu wa Jericho akisoma "amekumbukwa" hafikirii kamari. Anafikiria mkono wa Mungu. Waliolitoa neno hilo kanisani wakalipeleka ukutani walijua wanachofanya.

Na kulikuwa na gari pia. Pikapu yenye kipaza sauti ilikuwa inazunguka kutoka Jericho mpaka Buruburu, inashuka hata Kayole, na mtu ndani yake anaanza hivi hivi ninavyoanza mimi: "Bwana asifiwe, wapendwa!" Watu wanatoka nje wakifikiri ni mkutano wa injili. Kisha anawaambia juu ya Mama wa Jericho aliyeamka maskini akalala tajiri. Jumapili ilikuwa inapita wakati watu wanatoka ibadani, na sadaka zilizosalia mfukoni zikaishia kwenye kioski.

Nilifikiri nikisema ukweli mambo yataisha. Kumbe nilikuwa sijui nguvu ya kitu kilichochapishwa. Niliwaambia sokoni, "Mimi sijashinda chochote." Wakacheka, wakasema ndivyo wanavyosema wote. Wengine walinisifu kwa unyenyekevu! Vijana wa mtaa wakawa wananipigia mluzi, "Mathe, niaje? Si utukumbuke na sisi!" Kanisani kwetu ndiko nilikochanganyikiwa kabisa. Nusu ya wazee walitaka nitengwe kwa kucheza kamari. Nusu nyingine walituma mtu kuulizia fungu la kumi. Wote walikaa benchi moja na hakuna aliyemwambia mwenzake achague.

Mama Akinyi ndiye aliyeniumiza kwanza. Alikuwa pale uwanjani siku ya Wekesa, alikuwa amesimama upande wangu. Lakini siku ile kila mtu alikuwa anaangalia jeneza. Hakuna aliyekuwa anaangalia uso wangu, na sauti ya kilio haionekani kwenye karatasi. Akaja mlangoni na tiketi mkononi, akasema, "Mama Wekesa, shika tu hii kidogo. Una mkono mzuri." Nilikataa. Akalia, akasema ninamnyima jirani. Nikashika. Alipokwangua, akakuta hakuna kitu. Kesho yake akaja na nyingine. Nilimwambia, "Dada yangu, mimi sijui hii michezo, rudi kwa omena yako." Akaniambia, "Umeshapanda, sasa unavuta ngazi." Ikafika siku akakosa hata za kununua omena, meza yake sokoni ikachukuliwa na mtu mwingine, na akatangaza kwa majirani kwamba mimi nimemfungia bahati. Tulikuwa tunakutana kwenye bomba la maji na hanisalimu.

Wakawa wengi. Wanawake nisiowajua walikuja kutoka Kayole na tiketi, wanataka niziguse. Wakikosa, wanarudi kunitukana. Ndugu zangu, mimi ndiye niliyekuwa nauza zile tiketi bila kujua! Uso wangu ulisimama pale usiku na mchana ukiwaita watu, na hakuna mahali ningeweza kuuambia unyamaze.

Nilikwenda mjini kwenye ofisi yao. Msichana wa mapokezi akanipongeza. Nikaingizwa kwa bwana mmoja aliyevaa tai, nikamwambia, "Ile picha ni yangu, na nilikuwa kwenye msiba." Akanijibu kwa upole, "Mama, hii ni matangazo. Ni mfano tu. Hatujataja jina la mtu." Nikamwambia mmeandika Mama wa Jericho. Akasema Jericho ina akina mama wengi. Nikamuuliza, basi ni nani aliyeshinda? Akatabasamu. Akasema hakuna sheria inayomlazimisha kunionyesha. Nilipokuwa natoka akanipa tiketi ya bure. Nilitembea nayo mpaka nje kabla sijajua nimeshika nini.

Nikaenda kwa watu wa kanjo. Walinisikiliza, nisiwasingizie. Afisa akafungua faili, akasema bango limelipiwa na limebandikwa mahali panaporuhusiwa. Nikamwambia ni uongo. Akasema kazi yao ni kuangalia kama limelipiwa, kama ni kweli au uongo si kazi yao. Nikauliza, ni kazi ya nani? Akafikiri kweli kweli yule mtu. Akasema hajui. Ndugu zangu, niliteremka zile ngazi nikaelewa kwamba katika nchi yote hii hakuna mtu aliyewekwa kuuliza kama kilichoandikwa ukutani ni kweli. Ukiuza maziwa yenye maji utakamatwa. Ukiuza uongo wenye noti mkononi, unapewa risiti.

Foto nilimtafuta. Wakasema amehamia Kayole. Nilizunguka Kayole ghorofa kwa ghorofa mpaka viatu vikafunguka, nikaambiwa ametoka, hata huko hayuko. Nikaacha.

Lakini yote haya ningeyabeba. Nililoshindwa kulibeba ni hili. Baba Wekesa aliliona bango Nakuru. Lilikuwa limebandikwa karibu na stesheni yao, wenzake wakamnyang'anya chakula cha mchana wakisema mke wake ni tajiri. Alikuja bila kungoja mwisho wa mwezi. Hakupiga kelele, mume wangu si mtu wa kelele. Akakaa, akasema, "Mama Wekesa, niambie ukweli tu. Sitakasirika."

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia huo ni uso wangu siku tulipomuaga mtoto. Akaniambia maneno ambayo mpaka leo sijayasahau. "Mimi nilikuona siku ya mazishi. Hukulia. Na ule uso nimesimama mbele yake Nakuru kila siku nikienda kazini. Huo ni uso wa mtu aliyepata kitu. Tangu mtoto afe hujawahi kunionyesha mimi uso kama huo."

Nifanye nini? Nimwonyeshe vipi? Niliapa, akasema nisiape. Aliinua godoro, akalirudisha. Sidhani alikuwa anatafuta pesa. Alikuwa anatafuta mke wake na hakumpata. Akarudi Nakuru, na mwisho wa mwezi hakuja. Mwingine hakuja. Akatuma neno kwa mwenzake wa reli kwamba yeye hawezi kuishi na mtu aliyefurahia kitu kwa siri wakati kaburi la mtoto halijakauka, na kwamba atakwenda kuzungumza na wazee wa kwetu juu ya kurudishwa kwangu.

Hapo nilikufa. Niwaambie wazi, niliomba kufa. Niliacha kuimba, nikaacha kwenda sokoni kwa sababu njia ya sokoni inapita pale ukutani. Nilijaribu kulia, nikashindwa. Nilikuwa naona aibu hata kuwa na uso. Nilimwambia Mungu, Umechukua mtoto, sikusema kitu. Sasa wamechukua kumlilia kwangu, na Wewe umenyamaza. Msinicheke nikiwaambia kwamba sikumsikia akinijibu. Sikumsikia hata kidogo.

Asubuhi moja niliamka, nikachukua jembe. Sikupanga. Nilitembea mpaka pale ukutani nikaanza kukwangua ule uso wangu, karatasi inatoka na saruji. Nilikuwa nimefika shingoni askari wa kanjo waliponishika. Mwenye kioski alikuwa amekwenda kuwaita. Wakanipeleka kwa chifu na jembe langu. Chifu akasema kesi itasikizwa kwenye baraza, na mume wangu aitwe kwa sababu kuna mali ya watu ya kulipa.

Siku ya baraza uwanja wa ukumbi wa mtaa ulijaa. Watu walikuja kumwona tajiri. Kampuni ilimtuma mtu wao, naye akaja na bango jipya, akawapa vijana wawili walishike juu nyuma yangu kuonyesha mali iliyoharibiwa. Mama Akinyi alikuwa mbele, amekunja mikono. Baba Wekesa nilimwona nyuma kabisa, na koti la kazi, hakuja karibu.

Chifu alisoma mashtaka, akaniuliza kama nimeharibu. Nikasema ndiyo. Akasema, "Mama, mtu anashinda, anapigwa picha akifurahi, halafu anakwenda kurarua picha yake mwenyewe?" Watu wakaangua kicheko. Kijana mmoja akapaza sauti, "Mathe, toa tu hizo doo, baraza iishe!" Nikasema sikushinda. Chifu hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu. Akaniuliza, "Kama hukushinda, hebu tuambie, hapo ulikuwa unafurahia nini?"

Nikafungua mdomo nijibu. Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri. Nikasema, "Nilikuwa namuaga," halafu nikataka kutaja jina lake, na jina likakataa kutoka. Jina ninaloitwa kila siku kwa mboga na kwa maji! Nikajaribu tena. Na kile kilichokauka Bungoma kikapasuka pale mbele ya watu wote. Mikono ikapanda yenyewe. Mdomo ukafunguka. Nikalia, ndugu zangu, nikalia kilio kile kile cha uwanjani, macho nimefunga, sijui niko wapi.

Kicheko kikakatika. Kwanza nilimsikia Mama Akinyi. Alipiga yowe, "Uwi! Ni ile! Ni ule uso! Mungu wangu, alikuwa anamlilia Wekesa!" Nikafungua macho. Baraza zima lilikuwa linaangalia bango, linaniangalia mimi, linaangalia bango tena. Uso ulikuwa mmoja. Wale vijana wawili waliteremsha bango bila kuambiwa. Chifu akavua kofia. Yule mtu wa kampuni akaanza kusema ni mfano tu, ni matangazo, na wanawake wakamzomea mpaka akakaa.

Chifu akatoa amri palepale. Katika lokesheni yake, lile eneo analosimamia, hakuna kubandika picha ya mtu na kusema ameshinda mpaka mtu huyo aje mwenyewe mbele ya baraza aseme kwa mdomo wake nimeshinda. Na gari la kipaza sauti lisimsifu Bwana ili kuuza tiketi, wala lisipite karibu na kanisa wala shule. Watu wakapiga makofi. Mabango ya Jericho yakatolewa siku hiyo hiyo.

Lakini nisiwadanganye, nimekuja kwenye ushuhuda. Amri ya chifu iliishia pale lokesheni yake inapoishia. Ng'ambo ya barabara, Buruburu, uso wangu uliendelea kufurahi. Kayole uliendelea, na Nakuru. Ulikaa huko mpaka mvua ikaumaliza, na kampuni haikuniomba msamaha. Kuna mwanamke mahali fulani aliyetoa pesa za chakula cha watoto kwa sababu yangu, na hatajua kamwe. Mama Akinyi alikuja kunishika miguu, tukalia pamoja, lakini meza yake hakuipata tena. Mnapoomba, ombeni apatikane mtu huko juu wa kuuliza swali lile nililomuuliza yule afisa. Chifu mmoja hawezi kulinda nchi.

Basi niliokolewa kutoka nini? Ngojeni.

Baraza lilipokwisha, Baba Wekesa alitembea nyuma yangu mpaka nyumbani. Aliingia, akavua koti. Nikapika chai, kwa sababu sikujua jambo lingine la kufanya. Akashika kikombe na hakunywa. Akasema, "Siku ile mimi sikuwepo. Nilikuwa nachimba. Nihadithie."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniomba nihadithie. Nikaanza. Nikamwambia wimbo ulioimbwa, na mchungaji alivyokosea jina akajirekebisha. Nikamwambia mtoto walimvalisha sweta ya shule, na kwamba ile kola ilikuwa imekunjwa ndani, nami nikainama nikaikunjua. Aliposikia habari ya kola, mume wangu aliweka kikombe chini, akainua mikono yake yote miwili. Nikamwona uso. Ndugu zangu, ulikuwa uso ule ule! Mtu asiyetujua angepita dirishani angesema, tazama hawa wawili, wamepata kitu.

Nikamwaga moyo wangu kwa Mungu siku hiyo, na ndipo nilipojua hakuwa amenyamaza. Wakati Jericho yote ilipokuwa inaniona nimeshinda, Yeye hakuona noti mkononi mwangu. Aliona kitambaa. Wewe uliye mlangoni, ambaye huaminiwi nyumbani kwako wala kazini kwako, njoo kwake jinsi ulivyo. Mtwishe yote. Kuna mmoja anayejua unacholilia hata uso wako ukisomwa vibaya na dunia nzima. Mwamini, kwa sababu Yeye alikuamini kwanza. Namshukuru Yeye, nawashukuru ninyi kwa kunisikiliza, na namshukuru yule mzee wa koti la reli aliyeketi pale, aliyekuja nami leo. Bwana awashike. Amina.